Walivyomwogopa Munganga Bahizire

Mwaka wa uhuru, Wabelgiji walipofunga masanduku yao, daktari aliyekuwa akishuka kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, kukagua dispanseri ya Rumonge hakuja tena, na funguo za kabati la dawa zikabaki mikononi mwa Bahizire. Alikuwa Mushi, wa kabila la Bashi wa Kivu ya Kusini huko Kongo, mtu mrefu, mkavu, aliyesomea uuguzi kwa watawa kule Bukavu kisha akavuka mpaka kuingia Burundi kutafuta kazi. Diploma yake ilikuwa ya uuguzi tu, lakini mji mzima, kuanzia wauza samaki wa ndagala wa ufukweni hadi wakulima walioteremka kutoka Bugarama, ulimwita munganga, yaani daktari, naye hakuwasahihisha.

Alipenda utaratibu kuliko chakula. Sakafu ilipigwa deki asubuhi na jioni. Shuka zilikunjwa kona kwa kona. Chupa zote za kahawia alizipanga kwenye rafu moja, kubwa nyuma, ndogo mbele, na mgeni yeyote aliyefika alipelekwa kwanza kuiona rafu hiyo. Katikati yake zilikaa chupa mbili ndogo za dawa moja, nitrati ya fedha, ila nguvu zake mbalimbali. Ile nyepesi ilidondoshwa kwenye macho ya watoto wachanga ili yasioze. Ile kali ilitumika kuchoma nyama iliyoota juu ya vidonda. Karatasi za majina zilizobandikwa juu yake zilikuwa zimefifia kwa mvuke wa sufuria la kuchemshia sindano. Bahizire alizitambua kwa mahali zilipokaa, na aliona kwamba mtu mwenye akili hahitaji zaidi ya hapo.

"Mtu anayeogopa hakosei," aliwaambia wafanyakazi wake. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo Bukavu, kwa rula juu ya vidole.

Siku moja Riziki, aliyekuwa akichemsha sindano na kufunga vidonda, aliangusha bomba la sindano la kioo likapasuka. Bahizire alilifunga lile bomba kwa kamba, akamvika shingoni, akamsimamisha mlangoni siku ya soko, akina mama wakipita na watoto wao migongoni. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakawa wanapita wakitazama pembeni, kwa sababu Riziki alikuwa mtu mzima mwenye mke, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

Tangu siku ile hakuna aliyekuja kusema kwamba kitu kimevunjika. Bahizire alilitaja jambo hilo kwa fahari. Hakujua kwamba nyuma ya choo kulikuwa na shimo lililokuwa likijaa vioo.

Mwaka wa tatu wa uhuru, Mariyamu, binti wa Mzee Hadji fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, alijifungua pale dispanseri mtoto wake wa kwanza, msichana. Mume wake, Radjabu, alikuwa akikamua mawese Kigwena, na alifika akiwa bado ana mafuta kwenye mikono, akicheka peke yake. Mtoto wakamwita Kulthumu.

Aliyemhudumia ni Wema, msaidizi wa uzazi, msichana mpole aliyekuwa amekesha na mzazi mwingine. Alimwosha mtoto, akafunga kitovu, akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua chupa ndogo ya kahawia, akadondosha. Mtoto akalia kwa namna ambayo Wema hakuwahi kuisikia. Akadhani ni nguvu za mtoto mwenye afya. Baada ya kitambo akaona ngozi ya kope inageuka rangi, kama imepakwa masizi. Akaitazama chupa tena, akaisogeza karibu na dirisha, na hapo akaona kwamba ameshika ile kali.

Bahizire alikuwa chumba cha pili, akimfokea mtu. Kama Wema angeita wakati ule, macho yangeoshwa kwa maji ya chumvi, mengi, bila kukoma, na huenda yangepona yote mawili. Wema alifika hadi mlangoni. Akauona mgongo wa Bahizire. Akarudi, akampangusa mtoto uso kwa pamba yenye maji kidogo, akamfunika, akampa mama yake.

Baada ya siku chache wazazi walirudi. Macho ya Kulthumu yalikuwa yamevimba, yamefumba, yanatoa usaha. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa watu. Bahizire alifungua kope za mtoto kwa vidole viwili, akaona weusi ule kwenye ngozi na ukungu mweupe juu ya mboni, na akajua papo hapo. Dawa ya namna hiyo alikuwa ameitumia miaka mingi. Aliijua alama yake kama anavyojua mwandiko wake.

"Iko nini, munganga?" Radjabu akauliza. "Mutoto wetu anaumwa nini?"

Watu wote kwenye mabenchi walikuwa wakisikiliza. Bahizire aliona dispanseri yake, sakafu yake, rafu yake, jina lake. Akajibu akiinamisha macho:

"Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Ameupokea njiani, kwa mama."

Pale Rumonge hakuna ambaye hakuelewa. Ni Bahizire huyo huyo aliyekuwa akisimama sokoni na kuwafundisha watu kwamba kisonono cha wazazi ndicho kinachopofusha watoto, na kwamba ndiyo maana watoto wote hutiwa dawa. Mwanamke mmoja kwenye benchi alivuta nguo yake asiguswe na Mariyamu aliyekuwa akipita. Radjabu alitoka kwanza, akamwacha mke wake amfuate na mtoto.

Wagonjwa walipokwisha, Bahizire alifunga mlango na kuwaita Wema na Riziki. "Nani alishika chupa kali? Nani?"

"Ni mimi," Wema akasema.

"Na ulijua?"

"Nilijua siku ile ile. Kabla hata mama hajampokea."

"Ukanyamaza! Mtoto anaungua macho, wewe unanyamaza! Ningekuwa nimemwosha, unasikia? Mimi nilikuwa hapo hapo, nyuma ya ukuta!"

Wema alikuwa analia, lakini alijibu, na sauti yake haikuwa ya kujitetea. "Nilikuja hadi kwenye mlango, munganga. Nilitaka kukuita. Nikakuogopa. Nilikuogopa kuliko nilivyomuhurumia mutoto. Mungu anisamehe."

Bahizire akamgeukia Riziki, kama mtu anayetafuta shahidi upande wake. Riziki alikuwa ametazama chini.

"Hata mimi," Riziki akasema polepole. "Kabla ya mvua kuanza. Nilishika ile ile, nikidhani ni ya watoto. Tone moja likaniunguza kidole, nikajua si yenyewe, nikarudisha. Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

Mkono wa Riziki ulipanda taratibu hadi kifuani, mahali bomba liliponing'inia siku ile ya soko, ukashuka.

Bahizire alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Walichokijua watu wake wawili kingetosha kumwokoa yule mtoto. Neno moja la Riziki lingemfanya aitenge chupa ile. Neno moja la Wema lingeyaokoa macho. Na maneno yote mawili aliyaziba yeye, kwa mikono yake, akijisifu. Akawaambia waende nyumbani. Hawakuamini kama hakuna adhabu, walitoka kinyumenyume.

Mtu angedhani alikwenda kwa Radjabu siku hiyo hiyo. Hakwenda. Alimwita Mariyamu alete mtoto kila asubuhi, akamsafisha macho kwa mkono mwepesi kuliko alivyowahi kuwa nao, na kila asubuhi akashindwa kumtazama mama usoni. Jicho la kulia lilikufa. La kushoto lilibaki na upande mdogo ulio wazi, kama dirisha lililofunguliwa kidogo.

Kisha Mariyamu akawa anakuja akitokea upande mwingine wa mji. Ni Cibalonza, mke wa Bahizire, aliyempa habari wakati wa kula. Aliisikia kwa wauza mihogo.

"Radjabu amemurudisha mke wake kwa baba. Anasema yeye hana ugonjwa, basi mwanamke aliutoa wapi?" Cibalonza akaweka bakuli chini. "Wewe ndiye uliwaambia, hapana? Ni kweli iko na ugonjwa, yule binti wa Hadji?"

Bahizire alikata tonge jingine la ugali.

"Mume wangu. Nimekuuliza."

"Hana," akasema.

Cibalonza hakumgombeza. Aliondoa chakula, na siku zilizofuata alimhudumia kwa adabu kamili kama anavyohudumiwa mgeni, na hilo lilimuuma Bahizire kuliko matusi.

Alasiri ya Ijumaa, watu walipokwisha kutoka msikitini, alikwenda kwa Mzee Hadji. Alikuwa ameomba Radjabu naye awepo. Walikaa barazani, kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, na Mariyamu alikuwa ndani nyuma ya pazia.

"Amahoro, mzee," Bahizire alianza. "Nimekuja kusema kwamba mtoto hakuzaliwa na ugonjwa. Alitiwa dawa isiyo yake. Mfanyakazi wangu alikosea."

"Mfanyakazi gani?" Mzee Hadji akauliza kwa upole.

Jina la Wema lilimfika Bahizire mdomoni. Lingekuwa jepesi sana kutoka, na lilikuwa la kweli. Alimwona Radjabu ameshika ukingo wa benchi, tayari kulipokea jina hilo na kwenda nalo. Ndipo aibu ikampanda upya, maana alijiona anatafuta shingo nyingine ya kufunga kamba.

"Msiniulize huyo," akasema. "Chupa mbili zinazofanana niliziweka mimi mahali pamoja. Mfanyakazi aliona kosa lake mapema, akaogopa kuniita, kwa sababu mimi niliwafundisha kuniogopa. Na siku mlipomleta, mimi niliona ni dawa. Nilijua. Nikamsingizia mama yake ugonjwa mbele ya watu ili nisiaibike. Uongo huo haukuwa wa mtu mwingine."

Radjabu alisimama. Kwa muda ilionekana atampiga, na Bahizire hakusogea, pengine alitamani. Lakini Radjabu alishuka barazani, akaenda kusimama kwenye mgomba uani, akawapa mgongo. Naye alikuwa na aibu yake ya kubeba.

Pazia likafunguka. Mariyamu alitoka na mtoto begani.

"Ulijua siku ile ile?" akauliza.

"Nilijua."

"Ukanitazama, ukasema vile?"

"Sikukutazama," Bahizire akasema. "Niliangalia chini."

Mariyamu alimpigapiga mtoto mgongoni. "Hapa tuko watu wane tu," akasema hatimaye. "Wewe hukunitukana mbele ya watu wane. Nenda ukaseme kule ulikosemea. Useme sana, wale wa nyuma wasikie."

Bahizire alitazama upande wa Mzee Hadji, akitumaini neno la kumpunguzia. Mzee alisema, "Umemsikia."

Siku ya soko iliyofuata, dispanseri ilipojaa, Bahizire alisimama mlangoni, mahali pale pale aliposimamishwa Riziki. Alisema kwa Kirundi kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili asipatikane wa kusema hakuelewa. Alisema kwamba binti wa Hadji hana ugonjwa na hakuwahi kuwa nao. Kwamba macho ya mtoto yaliunguzwa na dawa ya dispanseri. Kwamba yeye alijua na alidanganya. Sauti ilimkatika katikati, akaanza upya. Mtu mmoja alicheka. Mama mmoja mwenye mimba aliinuka, akafunga kanga yake, akaondoka, na wengine wakamfuata. Mariyamu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, chini ya jua, amejifunika vizuri. Alisikiliza hadi neno la mwisho, kisha akaenda zake.

Alirudi kwa Radjabu, ila si upesi. Radjabu alikwenda kwa Mzee Hadji jioni baada ya jioni, akirudishwa mlangoni, mpaka Mariyamu mwenyewe aliposema imetosha.

Wakuu wa Bujumbura walimpa Bahizire karipio, na wangemwondoa kama wangekuwa na mtu wa kumweka. Kwa miezi mingi akina mama walizalia majumbani. Cibalonza alianza tena kumgombeza juu ya mambo madogo, na yeye akashukuru.

Kazi ya dispanseri aliigeuza akianzia kwenye ile rafu. Dawa kali zote alizitoa akaziweka kabati lingine, chumba kingine. Nitrati kali aliihamishia kwenye chupa ya pembe sita, akaizungushia kamba ya katani iliyosokotwa shingoni, ili hata mtu aliyechoka, mwenye macho mazito, mkono wake umwambie. Akaweka sharti kwamba dawa ya jicho na dawa ya sindano isomwe na wawili kwa sauti, hata kama mmoja wao ni munganga mwenyewe. Hayo yalikuwa rahisi. Mbao na kamba hazina kinyongo.

Lililokuwa gumu ni kuwafanya watu waseme. Alianzisha kikao cha asubuhi kabla ya kufungua mlango, wote kwenye benchi moja. Akauliza, "Jana tulikosea nini?" Kimya. Kesho yake, kimya. Riziki, aliyekwisha kuzoea kumtazama machoni kidogo, alimwambia wazi: "Munganga, leo unatuuliza kwa upole. Kesho utatufukuza kwa hayo hayo."

Basi akaanza kusema yake mwenyewe. Alisema alimpa mzee mmoja wa Kigwena kwinini mara mbili kwa kusahau. Alisema alishona kidonda ambacho alikuwa hajakiosha vizuri. Kuyasema mbele ya watu aliowatawala kulimchoma kila mara, na masikio yalimwaka moto. Msimu wa mvua ulikuwa unakaribia kwisha Riziki aliposema, akitazama ukuta, kwamba nyuma ya choo kuna shimo, na ndani yake kuna mabomba yaliyovunjika ya miaka yote. Bahizire alihisi hasira ya zamani ikimpanda kooni. Alifunga mikono kati ya magoti.

"Murakoze," akamshukuru. "Yanavunjikia wapi?"

"Kwenye sufuria. Tunayatoa yakiwa moto, vidole vinashindwa."

Wakatengeneza kikapu cha waya cha kuyainulia. Kwa kukosa kitu kidogo hivyo mtu alivikwa kamba shingoni.

Si kwamba Bahizire aligeuka malaika. Mwaka mmoja alimfokea Wema mbele ya wagonjwa kwa ajili ya chati iliyokosewa, na benchi la asubuhi likawa bubu tena kwa muda mrefu. Ilibidi aombe radhi mbele ya wagonjwa wale wale walioweza kupatikana. Alijifunza kwamba imani ya watu waliowahi kukuogopa hujengwa kijiko kwa kijiko na humwagika kwa ndoo. Lakini akina mama walirudi. Na Kulthumu alikua, akigeuza kichwa kama kuku ili aone kwa ule upande wake mdogo, na kila alipopita njia ya dispanseri akiongozwa na mama yake, Bahizire aliacha alichokuwa anafanya mpaka wapite.

Mwishoni mwa Aprili 1972 damu ikamwagika Rumonge. Watu waliuawa na waasi pale mjini na vijijini, na baadaye wengine wengi zaidi walichukuliwa na askari na hawakurudi. Dispanseri ilipokea waliojeruhiwa mpaka wakalazwa chini. Wema alivuka ziwa na mama yake. Radjabu alitafuta mtumbwi wa kwenda upande wa Kigoma, na asubuhi ya kuondoka Mariyamu alikuja kuomba pamba na dawa ya kusafishia macho ya binti yake njiani. Bahizire alimfungia zote alizokuwa nazo.

"Mariyamu," akasema, "sijawahi kukuomba msamaha wewe mwenyewe, peke yako."

"Najua," akajibu. "Usiniombe leo. Leo nabeba mengi." Akamshika Kulthumu mkono, wakaenda. Hakuwaona tena.

Wiki zilizofuata, kikao cha asubuhi kilikufa. Kuulizana "jana tulikosea nini" kulikuwa swali zito mno kwa mji ule. Kulikuwa na nafasi tupu kwenye benchi ambazo hakuna aliyethubutu kuzitaja, wala kuuliza wenyewe wako wapi. Bahizire naye hakuuliza. Alifungua mlango, akafanya kazi, akafunga mlango, na nyumbani alimwambia Cibalonza kwamba anajisikia kama siku ile aliyotazama chini.

"Basi anza tena," Cibalonza akasema.

"Naogopa."

"Ehe. Sasa umejua watu wako walivyokuwa."

Mwezi wa kiangazi, alichelewa siku moja kwa sababu ya daraja lililobomoka. Alipofika aliwasikia kabla ya kuwaona. Riziki alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na wauguzi wapya wawili waliotumwa kutoka Bujumbura, na mmoja wao, binti aliyeitwa Pascasie, alikuwa anaeleza kwamba jana alimchanganya mgonjwa na jirani yake wa kitanda, kwa kuwa majina yao yanafanana. Riziki alikuwa anamwuliza vitanda vilikaaje.

Bahizire alipotokea mlangoni, Pascasie alinyamaza ghafla na kusimama wima. Bahizire aliuona ule woga usoni mwake, woga alioujua vizuri. Alitamani kusema kitu cha kumtuliza, akaogopa kuharibu.

Riziki hakusimama. Alisogea kidogo kwenye benchi.

"Kaa, mama," alimwambia Pascasie. "Na wewe, munganga, kaa. Tulikuwa kwenye habari ya vitanda."

Bahizire akakaa mwisho wa benchi, akaweka kofia yake magotini, na yule binti, baada ya kumtazama Riziki mara mbili, akaendelea.